Jinsi Bwana Bado Alivyonifanya Dereva

Siku niliyorudisha koti la kazi, vijana wa karakana mlinipa redio na kuniomba niandike. Redio nimeshaizoea. Kuandika ndiko kunakonisumbua, kwa sababu mliniomba niseme "nilivyopanda ngazi", na mimi katika reli sikupanda ngazi yoyote isipokuwa ile ya chuma iliyo ubavuni mwa injini. Vyeo nitaviruka. Kila nilipopata cheo niliongezewa kifungo kwenye koti, na ng'ombe waliendelea kulala katikati ya reli kama kawaida. Mshahara nao nitauacha, maana mimi na mke wangu hatujawahi kukubaliana ulikwenda wapi. Nitaandika nilivyoomba kuwa dereva wakati wa Mwingereza, kwa kuwa ninyi mmekuta dizeli na mnadhani mtu huomba, hujibiwa, basi.

Nyumbani kwetu ni Akeri, juu kidogo ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, na kazi hizo mbili alizichukulia kwa uzito mmoja. Alinisomesha shule ya misheni ili niwe mwalimu. Siku moja tulikuwa tunapeleka kahawa mjini, na lori likasimama penye njia panda ya reli kusubiri treni ipite. Injini ikapita, nyeusi, inahema. Dereva alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, ndevu zake zimefungwa vizuri chini ya kidevu, hamtazami mtu. Sikuipenda injini. Niliupenda ule mkono. Ulikuwa mkono wa mtu ambaye hakuna wa kumwambia afanye haraka.

"Baba," nikasema, "nataka kuwa yule."

"Yule ni Kalasinga," baba akasema.

"Nataka kuwa dereva, baba."

"Ndiyo nakwambia. Dereva ni Kalasinga."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe anataka kuwa siku ya Jumatano. Wakati ule mpango ulikuwa wazi hata kwa mtoto. Mzungu alikuwa na ofisi, Mhindi au Mgoa alikuwa na usukani au kalamu, na Mwafrika alikuwa na koleo. Hakuna aliyekuwa ameuandika mpango huo ukutani. Haukuhitaji kuandikwa.

Mavuno yalipokwisha nikateremka mjini peke yangu, nimevaa suruali ya kipaimara, nikaenda stesheni ya Arusha. Karani wa pale, Mgoa mmoja mwembamba, akaniuliza nimefuata kazi gani.

"Udereva wa treni."

Aliweka kalamu chini, akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili. "Hebu sema tena," akaniambia. Nikasema tena. Mwenzake akacheka mpaka akashika meza. Halafu yule karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanipeleka hadi kwenye shedi ya injini, akanipa tambara na debe la mafuta ya taa, akanionyesha uvungu wa injini. "Udereva unaanzia hapa," akasema. Alikuwa ananitania. Mimi nilimshukuru, nikaingia uvunguni.

Ninyi mnaosafisha kwa mashine hamjui uvungu wa injini ya kuni. Majivu, grisi na vumbi jekundu la kutoka tambarare vilikuwa vimeshikana kuwa kitu kimoja ambacho hakina jina katika Kiswahili, na Kimeru kilikuwa na bahati ya kutokukijua kabisa. Siku ya kwanza nilifuta tangu asubuhi hadi jioni. Nilipotoka, suruali ya kipaimara ilikuwa imekufa, na injini ilikuwa kama nilivyoikuta. Lakini uvungu una faida yake. Mtu anayeisafisha injini kwa mkono anajua kila bomba linaelekea wapi, kwa sababu kila bomba limeshampiga kichwani.

Baada ya muda nilipewa koleo, nikawa mchochea moto. Siku zile watu waliokuwa wanasema habari za uhuru waliitwa wachochezi na kupelekwa mahakamani. Sisi tulichochea mchana kutwa mbele ya serikali na hatukuulizwa neno. Nilipanga chumba Kaloleni pamoja na Ramadhani, mtu wa Pangani, ambaye kazi yake ilikuwa kunirushia kuni kutoka nyuma ili mimi nizitupe tanuruni. Ramadhani alikuwa anasikitishwa na mambo mawili ya Arusha, baridi na Kiswahili chetu. "Ninyi watu wa mlimani," alikuwa akiniambia, "Kiswahili mnakivunjavunja kama kuni." Lakini kuni alizipanga vizuri sana, na katika maisha yangu sijapata mwenza wa kazi aliye bora kuliko yeye.

Dereva wetu alikuwa Harnam Singh. Hakuwa yule wa dirishani niliyemwona nikiwa na baba. Huyu alikuwa mfupi, mnene, mwenye kikohozi, na kiwiko chake hakikufika dirishani vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha reli, maneno machache lakini yote ya kazi. Wiki za kwanza alinifundisha kitu kimoja tu, kunyamaza. "Wewe ongea sana," akasema. "Injini nataka kuongea, wewe iko kelele." Nikanyamaza. Ndipo nikaanza kusikia kwamba injini iliyoshiba mvuke inakoroma kwa namna moja, na ile iliyo na njaa kwa namna nyingine. Kwamba maji yakipungua ndani ya boila, kioo kinakwambia, lakini sauti ilikwishakwambia kabla ya kioo.

Mnaijua njia yetu. Kwenda Moshi ni kuteremka, na kurudi Arusha ni kupanda, na mpandio wa kutoka bonde la Kikuletwa hadi Usa ulikuwa unawatoa machozi madereva. Mvua ikinyesha, magurudumu yanazunguka pale pale kama mtu anayekimbia ndotoni. Hapo ndipo dereva anapojulikana. Ukifungua mvuke kwa pupa, unateleza. Ukiufungua kwa woga, treni inakufa kilimani na abiria wanashuka kuchuma maua.

Alasiri moja, tukiwa katikati ya mpandio huo, Harnam Singh akatoa chungwa mfukoni. "Shika hapa," akaniambia, akinionyesha mkono wa mvuke, ule unaoipa injini pumzi. "Mimi namenya chungwa."

Nikashika. Akamenya. Tulipofika Usa alikuwa bado hajamaliza kulimenya. Safari iliyofuata akawa na chungwa jingine, na iliyofuata pia. Msimu wa machungwa ukaisha, akawa anamenya karanga. Hakuniambia kwamba ananifundisha, nami sikumwambia kwamba najua. Sheria ilikuwa wazi: mtu asiye dereva akigusa mkono wa mvuke, afukuzwe, na dereva aliyemruhusu afukuzwe pamoja naye. Kwa hiyo, kwa mujibu wa reli, kati ya Kikuletwa na Usa palikuwa na Kalasinga anayependa sana matunda, na zaidi ya hapo hapakuwa na jambo.

Sasa nimfikie Bwana Bado. Alikuwa Mwingereza, mkubwa wa shedi yetu, mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Hakuwa mkali, wala sikumsikia akimtukana mtu. Alikuwa na neno moja tu la Kiswahili alilolipenda kuliko mengine. Ukiomba sabuni, bado. Ukiomba likizo ya msiba, bado. Ramadhani alisema kwamba siku ya kiyama yule bwana atamwambia hata malaika bado.

Siku moja likabandikwa tangazo kwamba Waafrika wenye sifa wanaweza kuomba kufundishwa udereva. Tukalisoma kwa sauti, tukasoma tena. Karani wa Kigoa akatoka ofisini kuhakikisha kwamba hatukulibandika sisi. Mimi nilikuwa nimeanza kujifunza Kiingereza jioni kwa mwalimu mmoja wa misheni, kwa hiyo nikaandika maombi yangu kwa lugha yao, kwa sentensi fupi ili zisianguke. Nikampelekea Bwana Bado mwenyewe. Akasoma, akaniambia nitaitwa kwa mahojiano.

Kabla sijaitwa, akaja mkubwa kutoka Tanga kukagua njia. Walipanga kwamba yeye na Bwana Bado wapande treni yetu Moshi, waje nayo Arusha katika behewa la daraja la kwanza. Asubuhi hiyo Harnam Singh alikuja kazini uso umekuwa kama majivu. Alikuwa na ugonjwa wa mawe kwenye figo, na siku hiyo jiwe moja lilikuwa limeamua kusafiri. Tulipoanza kuteremka kwenda Moshi alikuwa anasaga meno. Tulipoanza kurudi, hakuweza tena kusimama.

"Turudi stesheni," nikamwambia. "Tuseme unaumwa."

"Hapana," akasema. "Bwana Bado iko kwa treni. Mkubwa iko kwa treni. Mimi nakwenda hospitali, nafasi yangu nakwisha." Akajikokota nyuma hadi kwenye lundo la kuni, akajilaza juu yake, akafunika uso kwa kitambaa. Kutoka chini ya kitambaa akasema, "Anaeli. Wewe endesha."

"Yote?"

"Yote."

Ramadhani akanitazama. Sasa ilibidi yeye arushe kuni na kuzitupa tanuruni peke yake, na kuni zenyewe zilikuwa zimelaliwa na dereva. "Mungu akipenda tutafika Arusha," akasema. "Asipopenda, tutarudi Moshi kwa kasi zaidi."

Nikawaambia wote wawili wanyamaze, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Hadi Kikuletwa hapakuwa na tabu. Kisha, kule juu Meru, wingu likateremka, na mvua ikaanza pale pale mpandio unapoanza. Siwezi kuwaambia kwamba sikuogopa. Niliibana miguu kwenye ukuta wa chuma. Nyuma yangu kulikuwa na watu wa daraja la tatu na vikapu vyao, na Wazungu wawili, na mtu mmoja aliyekuwa anaomba kwa Kipunjabi. Magurudumu yakateleza mara moja. Nikapunguza mvuke, nikamwaga mchanga kwenye reli, nikangoja. Ukingoja kwa woga unateleza tena. Inabidi ungoje kama mtu mwenye nafasi. Injini ikashika. Nikaongeza kidogo kidogo, nikiisikiliza, na hapo ikaanza kukoroma ule mkoromo wake wa kushiba, na Ramadhani, jasho linamchuruzika, akaniangalia akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Tukafika Usa. Nikafunga breki taratibu kuliko nilivyowahi kumwona mtu akifunga. Hata Harnam Singh akafunua kitambaa kutazama kama kweli tumesimama.

Arusha tulifika mvua imekatika. Kabla treni haijatulia vizuri, Ramadhani na mimi tukamsimamisha Harnam Singh mlangoni, tukampa tambara ashike, maana tuliwaona Bwana Bado na mkubwa wakija mbele kwa miguu. Bwana Bado alikuwa anang'aa. Walisema Kiingereza, nami kwa mara ya kwanza nikajuta kwamba nilijifunza.

"Huyu ndiye Singh," Bwana Bado akasema. "Umeona alivyosimama Usa? Chai yako haikumwagika hata tone."

"Haikumwagika," mkubwa akakiri. "Na katika mvua ile! Je, hawa Waafrika mnaotaka kuwafundisha, wataweza hivyo?"

"Labda wajukuu zao," Bwana Bado akasema. "Ule ni mkono wa miaka mingi. Niliujua tangu tulipoondoka Moshi. Mkono wa Singh naujua hata nikiwa nimelala."

Mkubwa akampa Harnam Singh mkono. Wakati ule ule jiwe likageuka upande, na Harnam Singh akajikunja hadi kilemba chake kikakaribia magoti. Mkubwa akadhani ni heshima ya Kihindi, naye akainama kidogo. Wakaachana hivyo, kila mmoja ameridhika isipokuwa mgonjwa. Tulipompeleka nyumbani kwake, alikuwa analia na kucheka, na sikujua kipi kilimuumiza zaidi.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwa mahojiano. Bwana Bado alikuwa mezani, na maombi yangu yako mbele yake. Alipenda kusema nasi Kiswahili, kile Kiswahili cha mashamba ya Wazungu.

"Wewe iko kwisha endesha treni?"

Nilikuwa nimelala macho siku kadhaa nikilifikiria swali hilo. Nikisema ndiyo, Harnam Singh amekwisha kazi, na mimi pia. "Hapana, bwana," nikasema.

"Hapana kwisha endesha, nataka kuwa dereva namna gani?"

"Nataka kufundishwa, bwana."

"Mtu ya kufundishwa lazima iko na uzoefu kidogo."

"Uzoefu huo nitaupata wapi, bwana?"

"Kwa treni."

"Lakini ni marufuku mtu kama mimi kugusa."

"Ndiyo," akasema, akifurahi kwamba tumeelewana. "Marufuku kabisa."

"Sasa, bwana?"

"Sasa bado."

Akaigeuza karatasi yangu, akaiweka kwenye rundo lililokuwa kando. Nikatoka. Nakumbuka nilikaa kwenye jiwe nje ya shedi, nikaitazama injini niliyoipandisha Usa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikafikiria kurudi Akeri kupalilia kahawa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuwa amenichukia. Angenichukia ningejua la kufanya.

Harnam Singh alikuwa amepata nafuu, akarudi kazini. Hakuniuliza habari za mahojiano, aliziona usoni. Safari nzima hakumenya kitu. Tuliporudi Arusha akafuta mikono, akafunga vizuri kilemba chake, akaniambia, "Njoo." Nikamfuata mpaka ofisini kwa Bwana Bado, bila kujua tunaendea nini. Alibisha hodi na kuingia kabla ya kujibiwa, jambo ambalo kwa Kalasinga wa wakati ule lilikuwa sawa na kuvunja mlango.

"Bwana," akasema, "ile siku ya mkubwa, dereva iko huyu."

Bwana Bado akacheka. Harnam Singh hakucheka. Cheko la Bwana Bado likapungua taratibu, kama injini inapoishiwa maji.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nalala juu ya kuni. Naumwa. Kutoka Moshi mpaka Arusha, yote, huyu."

"Unajua kwamba kwa maneno hayo nawafukuza ninyi wawili leo?" Sasa alikuwa anasema Kiingereza. Harnam Singh naye akahamia Kiingereza, ambacho alikijua vizuri kuliko nilivyodhani.

"Najua, bwana. Lakini mkubwa wa Tanga atauliza sababu. Utamwambia mkono alioushika ulikuwa wa mtu aliyelala? Utamwambia ule mkono unaoujua hata ukiwa umelala, ni wa huyu?"

Bwana Bado akageukia dirishani, akalitazama tangi la maji kwa muda mrefu kama mtu anayelisoma. Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilimwangalia Harnam Singh. Alikuwa na mke, na watoto wanaosoma, na nyumba ya reli ambayo angetolewa siku hiyo hiyo. Alikuwa ametulia, mikono nyuma, kama mtu anayengoja taa ya kijani.

Hatimaye Bwana Bado akageuka. Hakumtazama Harnam Singh. Alinitazama mimi, akarudi kwenye Kiswahili chake.

"Wewe iko kwisha endesha treni?"

"Hapana, bwana."

"Hapana kabisa?"

"Kabisa, bwana. Ni marufuku."

"Vizuri," akasema. "Mtu ya kufuata sheria namna hii, nafaa kwenda kufundishwa."

Akaitoa karatasi yangu kwenye rundo, akaitia sahihi. Jibu langu lilikuwa lile lile. Mara ya kwanza liliniangusha, mara ya pili likanipandisha. Watu wengi baadaye walijisifu kwamba ndio waliotufungulia milango ya kazi, na wengine walistahili sifa hizo. Mlango wangu mimi ulifunguliwa na aibu ya Mwingereza mmoja, na Kalasinga aliyekuwa tayari kulala nje na wanawe ili niupite.

Nje nilishindwa kumshukuru. Nilianza kusema, akanikatiza. "Wewe ongea sana," akasema.

Ikabaki kupimwa macho. Daktari wa Kizungu alikuwa na sanduku la nyuzi za sufu za rangi nyingi, na kazi yangu ilikuwa kuzitaja ili ijulikane kwamba sitachanganya taa nyekundu na ya kijani. Nikataka kumfurahisha. Uzi wa kwanza nikasema ni jani la kahawa baada ya mvua. Wa pili nikasema ni jani la mgomba linaloanza kukauka. Wa tatu, ndizi ambayo haijaiva lakini mtu mwenye njaa angeila. Dresa, msaidizi wa daktari aliyekuwa anatafsiri, akaniinamia sikioni. "Ndugu yangu," akanong'ona, "sema kijani, twende tukale." Nikasema kijani. Wote watatu kijani. Daktari akatikisa kichwa kwa furaha, nikafaulu.

Nairobi, kwenye mafunzo, sitakaa sana. Tulifundishwa kwa ubao na chaki kwa nini injini inateleza, na nilifurahi kupata sababu. Niliporudi, nikapangwa na Harnam Singh, sasa kwa ruhusa. Bwana Bado alipanda nasi safari za mwanzo, akasimama nyuma yangu. Ikawa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya reli, kwa sababu, ingawa sote tulijua ukweli, ilinibidi nionekane kama mtu ambaye hajawahi kugusa kitu. Harnam Singh alinieleza kwa sauti kubwa mambo niliyoyajua tangu msimu wa machungwa, nami nikaitikia kwa mshangao. Mara ya kwanza kusimama Usa nilifunga breki vibaya makusudi, hadi Bwana Bado akajishika ukutani.

"Unaona?" akamwambia Harnam Singh, akiwa amefurahi sana. "Bado!"

Ramadhani alijifanya anatafuta kuni chini, mabega yanamtikisika.

Ikafika siku ya kuendesha mwenyewe. Niliondoka Arusha asubuhi, jua liko juu ya mashamba, Ramadhani sasa ameshika koleo langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa Wazungu. Nilikuwa na majibu ya Kiingereza kwa bwana yeyote wa shamba ambaye angekuja kuuliza dereva yuko wapi. Hakuja hata mmoja. Walipanda, wakafungua magazeti. Aliyekuja alikuja Tengeru, na alikuwa mama wa Kimeru wa umri wa mama yangu, na mkungu wa ndizi kichwani na kibuyu cha maziwa mkononi. Binti yake alikuwa amejifungua Moshi. Alipita mbele kutafuta behewa lenye nafasi, akainua macho, akaniona dirishani. Akasimama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu, acha mchezo. Nina mzigo."

Nikamhakikishia. Akamtazama Ramadhani, akamtazama gadi wa treni aliyekuwa anapeperusha bendera nyuma, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuutua mkungu chini. "Mimi nitasubiri ya Kalasinga," akasema. Wanawake wawili waliokuwa wamekwisha kupanda wakachungulia, wakasikia, wakaanza kushusha vikapu vyao.

Nilikuwa nimejibiwa bado na Mwingereza, nikaweza kumeza. Hii ilinikwama kooni. Gadi alikuwa anapiga filimbi. Nikateremka ngazi, nikasimama mbele ya yule mama na ovaroli yangu mpya, nikasema naye Kimeru.

Akashtuka. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa Akeri."

"Akeri kwa nani?"

Nikamtajia ukoo, nikamtajia baba, nikamtajia na nyumba aliyotoka mama. Akafikiri sana, kama mtu anayehesabu ndugu kwa vidole.

"Yule mzee wa kanisa mwenye kahawa? Anayekemea watoto wakisinzia ibadani?"

"Huyo huyo."

Akapumua kwa nguvu, akauinua mkungu wake kurudi kichwani. "Haya," akawaambia wale wanawake wawili. "Pandeni. Kama ni kufa, tufe na mtu ambaye kwao tunakujua."

Wakapanda. Niliendesha hadi Moshi kama nimebeba mayai, taratibu kila kona, taratibu kila daraja. Ramadhani alisinzia mara mbili. Tulipofika nikaegemeza kiwiko dirishani, nikangoja watu wapite. Yule mama akaja na ndizi zake, akasimama chini ya dirisha, akainua uso. Nikajiweka sawa.

"Mmechelewa," akasema. "Yule Kalasinga hachelewi."

Nilikuwa nimefuta injini na kuchochea moto miaka mingi, na treni zetu zilichelewa mara nyingi tu, lakini hakuna abiria aliyewahi kunijia mimi na lawama. Nikavua kofia.

"Samahani, mama," nikasema, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa furaha namna ile.